Kujisomea pekee hakumpi mwanafunzi wa uuguzi mikono stadi

KATIKA vyuo vyetu vya uuguzi, ni nadra kupata agizo linalotolewa mara nyingi kama lile la "kajisomee". Mhadhiri hulitoa kipindi kinapomalizika kabla ya mada kumalizika. Muuguzi wa zamu hulitoa anapozidiwa na wagonjwa. Hata ratiba rasmi ya masomo huwa na saa zilizotengewa shughuli hiyo, na aghalabu hizo ndizo saa ambazo hakuna mwalimu anayeonekana.

Agizo lenyewe si baya. Elimu ni bahari, wahenga walinena, na hakuna mwalimu awezaye kuichota yote akammiminia mwanafunzi katika miaka mitatu ya stashahada au minne ya shahada.

Tatizo ni kwamba neno hilo limekuja kubeba maana mbili zinazokinzana. Ya kwanza ni mbinu ya kujifunza inayoheshimika kote ulimwenguni. Ya pili ni jina zuri la kufunikia kutelekezwa.

Tofauti baina ya maana hizo haiwahusu wanazuoni pekee. Anayeilipia ni mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye hana njia ya kujua iwapo kijana aliyevaa sare na kushika sindano amewahi kutazamwa na mtu yeyote akiishika.

Maana ya kujielekeza

Mtaalamu wa elimu ya watu wazima kutoka Marekani, Malcolm Knowles, ndiye aliyeifafanua dhana hii kwa namna inayorejelewa hadi leo, katika kitabu alichokichapisha 1975.

Kwa mujibu wake, anayejielekeza katika kujifunza hufanya mambo matano. Hutambua pengo lililomo katika ujuzi wake, hujiwekea shabaha, husaka watu na vifaa vya kumsaidia, huchagua mbinu na kuitekeleza, kisha hupima matokeo.

Wengi wanaolinukuu fasili hilo husahau sehemu moja muhimu. Knowles alisema kwamba mtu aweza kuyafanya hayo kwa usaidizi wa wengine au bila usaidizi wao. Kujielekeza, basi, hakukuwa na maana ya kujitenga. Mwanafunzi ndiye nahodha, lakini chomboni mna mabaharia wengine.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepelekwa katika wodi ya kujifungulia. Darasani amekwisha kufundishwa kujaza partografu, ile chati ambayo huonyesha jinsi uchungu wa uzazi unavyoendelea, mapigo ya moyo wa mtoto na hali ya mama.

Mwanafunzi akisema tu kwamba hajui mambo ya uzazi, bado hajatambua pengo lolote. Pengo hilo ni pana mno kuzibika. Lakini akisema, "Naweza kuijaza chati, ila sijui ni lini inaniambia nimwite daktari," hapo ameanza safari.

Shabaha yake nayo yapasa iwe na mipaka: kufikia Ijumaa atakuwa amejaza chati za akina mama watatu tangu walipopokewa hadi walipojifungua, na kwa kila mmoja ataeleza ni saa ngapi angeomba usaidizi na kwa sababu gani.

Rasilimali zake ni mwongozo wa hospitali, chati za zamani na sista wa zamu. Mbinu yake ni kujaza nakala yake mwenyewe, kisha kuilinganisha na ile aliyoijaza sista. Tathmini yake ni kumwomba sista huyo aisome na kuikosoa.

Tazama, msomaji, kwamba kati ya hatua hizo tano, tatu za mwisho zinamhitaji mtu mwingine. Mwondoe sista katika mpango huo na kinachobaki ni mwanafunzi aliye na karatasi na kalamu, asiyejua kama alichokiandika ni sahihi.

Maarifa yasiyongoja

Kabla ya kulaumu mtindo wa kuwaachia wanafunzi wajisomee, mgala muue na haki yake mpe. Zipo sababu nzito zinazoufanya ujuzi wa kujifunza mwenyewe kuwa wa lazima katika taaluma hii.

Muuguzi aliyefuzu nchini 1997 alifunzwa kwamba klorokwini ndiyo dawa ya kwanza ya malaria. Mwaka uliofuata, Kenya iliiacha na kuchukua dawa za kundi la SP, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo vilikuwa vimekwisha kuizoea.

Mnamo 2004 serikali iliamua kuiacha SP nayo kama tiba ya kwanza na kuchukua dawa mseto, ambayo ilianza kusambazwa katika vituo vya afya vya umma 2006. Kisha 2011, Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza watoto wa Afrika wanaougua malaria kali watibiwe kwa sindano za artesunati badala ya kwinini.

Kwa hivyo, katika muda wa miaka 14 tu, madaftari ya muuguzi huyo kuhusu ugonjwa unaojaza wodi za Magharibi, Nyanza na Pwani yaligeuka kuwa kumbukumbu za kihistoria.

Hali ni iyo hiyo katika uzazi. Kwa miaka mingi wanafunzi walikariri kwamba uchungu huingia katika awamu yake ya kasi mlango wa kizazi unapofunguka sentimita nne. Mnamo 2018, WHO lilisogeza kipimo hicho hadi sentimita tano na kueleza kuwa si kila mama atafunguka kwa kasi ya sentimita moja kila saa kama ilivyodhaniwa. Mnamo 2020 shirika hilo likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu badala ya ile partografu ya awali.

Hakuna mtaala uwezao kwenda mbio kiasi hicho. Ndiposa Baraza la Uuguzi la Kenya huwataka wauguzi waliosajiliwa waonyeshe kuwa wameendelea kujifunza ndipo leseni zao zihuishwe. Mwanafunzi asiyejifunza namna ya kujifunza angali chuoni atabaki mateka wa madaftari yake kwa miaka 30 ya kazi.

Umilisi ni nini?

Neno umilisi limezoeleka masikioni mwa Wakenya tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini 2019. Katika uuguzi, hata hivyo, neno hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa anayekosa umilisi huweza kumdhuru mtu mwingine kabla ya kujidhuru mwenyewe.

Mnamo 1990, mtaalamu wa elimu ya utabibu nchini Marekani, George Miller, alieleza umilisi kwa mfano wa piramidi yenye ngazi nne. Chini kabisa yupo anayejua. Juu yake yupo anayejua namna ya kufanya. Juu zaidi yupo anayeweza kuonyesha akifanya. Kileleni yupo anayefanya, katika kazi yake ya kila siku.

Ngazi hizo si maneno matupu. Chukua mgonjwa aliyeandikiwa mililita 500 za maji ya dripu yaishe kwa saa nne. Mwanafunzi anayejua ataitaja kanuni ya hesabu: wingi wa maji zidisha kwa matone yaliyomo katika kila mililita, kisha gawa kwa dakika.

Anayejua namna ataitumia. Ikiwa mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita, jumla ni matone 10,000 yatakayogawanywa kwa dakika 240. Jibu ni takriban matone 42 kwa dakika. Katika mtihani wa kuandika, huyu amepata alama zote.

Lakini yapo mapakiti mengine ya mipira, yenye matone madogo, ambayo huhitaji matone 60 kufikisha mililita moja. Kwa mpira huo, jibu sahihi ni matone 125 kwa dakika. Mwanafunzi asiyesoma maandishi ya pakiti, akahesabu matone 42 aliyoyakariri, atamfanya mgonjwa anayehitaji maji kwa saa nne ayapate kwa saa 12.

Akikosea upande wa pili, akaufungua mpira wa matone makubwa hadi matone 125, maji hayo yatakwisha kwa saa moja na dakika 20. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu, kosa hilo laweza kuyajaza mapafu maji.

Kosa la aina hiyo halionekani katika karatasi ya mtihani. Huonekana tu mwanafunzi anapotazamwa akiichukua pakiti, akiigeuza na kuisoma au akikosa kuisoma. Hiyo ndiyo ngazi ya tatu. Ngazi ya nne ni kufanya vivyo hivyo saa tisa usiku, kitanda cha pili kikiita na jamaa za mgonjwa wa tatu wakilalamika mlangoni.

Ili kuipima ngazi ya tatu, Profesa Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Scotland, waliasisi 1975 mtihani wa vituo maarufu kama OSCE, ambao sasa hutumika katika vyuo vingi vya afya duniani. Mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo, akitenda jambo moja katika kila kimoja huku mtahini akimtazama na kujaza orodha ya hatua zinazotakiwa.

Naye Patricia Benner, muuguzi na mwanazuoni wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha 1984 jinsi muuguzi anavyopanda kutoka uanagenzi hadi ubingwa kwa hatua tano. Mwanagenzi hushikilia kanuni kwa sababu hana kingine cha kushikilia. Bingwa huiona hali nzima kwa mara moja na kujua lililo muhimu.

Benner alisisitiza kwamba tajiriba haimaanishi kupita kwa miaka. Tajiriba huja pale ambapo yale mtu aliyoyadhani yanakutana na mgonjwa halisi na kusahihishwa. Mtu aweza kukaa wodini mwaka mzima na asipate tajiriba ya siku moja.

Jicho la mtu mwenyewe

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mjadala huu. Hatua ya kwanza na ya mwisho za Knowles, yaani kutambua pengo na kupima matokeo, zinamtaka mwanafunzi awe hakimu wa ujuzi wake mwenyewe. Je, aweza?

Ushahidi uliopo hautii moyo. Mnamo 2006, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari walivyojipima na jinsi walivyopimwa na wengine. Kati ya ulinganisho 20 uliofanywa, 13 ulionyesha uhusiano mdogo, kutokuwepo kwa uhusiano wowote, au hata uhusiano wa kinyume.

Lililoshtua zaidi ni kwamba waliokosea sana katika kujipima walikuwa ni wale wenye ujuzi mdogo zaidi na wale waliojiamini zaidi. Ikiwa madaktari waliokwisha kufuzu hukosea hivyo, seuze mwanafunzi wa mwaka wa kwanza?

Uwanja wa uzazi unatupa mfano mwingine wa jinsi jicho linavyodanganya. Kwa miaka na mikaka, wingi wa damu anayoipoteza mama baada ya kujifungua ulikadiriwa kwa kutazama shuka na sakafu. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha zaidi ya wanawake 200,000, ulibadilisha jambo hilo moja pamoja na kuleta pamoja matibabu yote ya awali.

Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaotandikwa chini ya mama. Katika hospitali zilizoutumia, uvujaji wa damu uligunduliwa kwa wanawake 93 kati ya kila 100 waliopatwa na tatizo hilo. Kwingineko, ambako wakunga waliendelea na utaratibu wao wa kawaida, waligunduliwa 51 tu. Visa vya uvujaji mkubwa, upasuaji wa kuokoa maisha na vifo kutokana na uvujaji vilipungua kwa asilimia 60.

Wakunga wa pande zote mbili walikuwa na macho. Upande mmoja ulikuwa na kipimo. Mwanafunzi anayejikadiria mwenyewe yu katika hali ya mkunga anayetazama shuka: huenda akawa na bidii na nia njema, lakini hana alama za kusoma.

Madhara yake huonekana polepole. Chukua mwanafunzi anayejifunza kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo. Amevaa glavu zilizotakaswa, lakini kila mara kidole chake kimoja hugusa ukingo wa kitanda bila yeye kufahamu. Akiachwa peke yake, atairudia kazi hiyo mara 20 na daftari lake la stadi litajaa. Mikono yake itakuwa myepesi zaidi, na kosa litakuwa limekita mizizi.

Mgonjwa atakapopatwa na maambukizi ya njia ya mkojo siku kadhaa baadaye, hakuna atakayekumbuka kidole hicho. Mwanafunzi atakuwa amekwisha kuhamishiwa wodi nyingine akiwa na sahihi zote.

Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walieleza 1993 kwamba mazoezi yanayomfanya mtu kuwa bingwa ni yale yenye shabaha mahususi na yenye mtu wa kumwonyesha anapokosea. Kurudia tu hakutoshi. Wahenga wetu walisema mazoea hujenga tabia, wala hawakusema kwamba tabia hiyo itakuwa njema.

Hali ilivyo wodini

Mwanafunzi wa Kenya hukabiliwa na vikwazo ambavyo vitabu hivyo havikuvitaja. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), kilichoanza 1927, sasa kina mabewa zaidi ya 70. Ukiongeza vyuo vya kibinafsi, vya kidini na vyuo vikuu, wanaohitaji nafasi ya mazoezi ni wengi, na hospitali kubwa za kuwapokea ni chache.

Si ajabu, basi, kukuta wanafunzi wa vyuo vitatu wakizunguka kitanda kimoja. Mmoja hutenda, wawili husaidia, waliosalia huchungulia mabegani mwa wenzao. Jioni wote huandika katika madaftari yao kwamba kazi hiyo wameiona.

Kwa upande mwingine, sista wa wodi ana mzigo wake. Uhaba wa wauguzi ni tatizo la dunia nzima. WHO lilikadiria kwamba ulimwengu ulipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 mnamo 2023. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi humwona mwanafunzi kwa jicho la mahitaji yake: mtu wa kupeleka damu maabara, kutandika vitanda na kupima joto.

Kazi hizo zina thamani yake. Hata hivyo, mwanafunzi anayezifanya peke yake kwa wiki sita hurudi chuoni akiwa tarishi hodari.

Kisha kuna suala la sahihi. Muda wa wodi unapokaribia kwisha, madaftari ya stadi huletwa kwa mkupuo, na anayetakiwa kuyatia sahihi huenda hakumwona mwanafunzi akifanya hata nusu ya yaliyoandikwa. Akikataa, anaonekana mkatili. Akikubali, amethibitisha asichokijua.

Misukosuko nayo imechangia. Mgomo wa wauguzi ulioanza Juni 2017 na kumalizika Novemba mwaka huo uliziacha wodi nyingi za umma bila wa kuwafunza wanafunzi. Machi 2020, janga la korona lilifunga vyuo, na masomo yakahamia katika simu na kompyuta. Maarifa yaliweza kusafiri kwa intaneti. Ustadi wa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga haukuweza.

Hata hivyo, si kweli kwamba kujielekeza hakuwezi kufaulu nchini mwetu. Mnamo 2005, shirika la AMREF, ambalo sasa huitwa Amref Health Africa, lilishirikiana na Baraza la Uuguzi, KMTC, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture kuanzisha mafunzo ya kompyuta kwa wauguzi wenye cheti waliotaka stashahada. Mpango huo ulilenga wauguzi wapatao 20,000.

Wengi wao walisoma wakiendelea na kazi, bila kuhama vituo vyao. Hii ndiyo siri iliyomo: waliojielekeza hapa walikuwa watu wazima waliokwisha kuwahudumia wagonjwa kwa miaka, kila walichokisoma jioni walikutana nacho asubuhi, na mafunzo ya vitendo hayakuondolewa. Huwezi kuchukua mbinu iliyowafaa hao, ukampa kijana aliyetoka sekondari mwaka jana, ukatarajia mavuno yale yale.

Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nacho kimetumia kwa miaka mingi mbinu ya kujifunza kupitia matatizo, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960. Kikundi kidogo hupewa kisa cha mgonjwa, hujadiliana wasichokijua, hutawanyika kusaka majibu, kisha hurejea kuhojiana mbele ya mwalimu. Kusaka ni kwa mwanafunzi. Kuhojiwa ni lazima.

La kufanya

Mambo yanayoweza kurekebishwa bila kungojea bajeti ya kaunti ni mengi kuliko inavyodhaniwa.

Mosi, mwanafunzi ajifunze kuomba kutazamwa. Sentensi fupi yatosha: "Sista, naomba unitazame nikiweka mpira huu, kisha uniambie nilipokosea." Ni rahisi zaidi kwa muuguzi mwenye shughuli kukubali ombi la dakika tano lenye mipaka kuliko ombi la jumla la kufundishwa. Aidha, ombi hilo huonyesha heshima kwa ujuzi wake.

Pili, kila mwanafunzi aingie wodini na mkataba wa kujifunza ulioandikwa kwenye ukurasa mmoja: pengo moja, shabaha moja, tarehe moja na jina la atakayempima. Mwalimu anayepita mara moja kwa wiki ataanzia hapo badala ya kuuliza iwapo mambo ni mazuri.

Tatu, vyuo viwape wanafunzi orodha za hatua za mtihani wa vituo tangu mwanzo wa muhula, wala visizifanye siri. Wanafunzi wawili wenye orodha hiyo waweza kupimana katika maabara ya stadi, mmoja akimhudumia mwanasesere na mwenzake akitia alama. Mwenzako si bingwa, lakini ataliona kosa ambalo wewe huwezi kuliona, kwa kuwa nyani haoni kundule.

Nne, sahihi katika daftari la stadi itolewe siku ile ile, na aliyetazama. Ikiwa hakuna aliyetazama, nafasi hiyo ibaki wazi. Daftari lenye mapengo ya kweli lina faida kuliko lililojaa uongo, maana humwambia mwalimu ni wapi aanzie.

Tano, simu ya mkononi itumiwe kwa nidhamu. Miongozo mingi ya tiba hupatikana humo bila malipo, na mwanafunzi anayeitafuta dozi kabla ya kutoa dawa anastahili sifa badala ya kukaripiwa. Hata hivyo, picha za wagonjwa na majina yao hayana nafasi katika makundi ya gumzo ya wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzichukulia habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Sita, hospitali zitambue kwamba kufundisha ni kazi. Muuguzi anayepewa wanafunzi sita juu ya wagonjwa wake wa kawaida, bila kupunguziwa chochote wala kuandikwa popote kwamba anafundisha, hana sababu ya kuifanya kazi hiyo vyema. Vyuo vinavyolipisha karo ya mafunzo ya wodini vina deni kwake.

Mwisho, mgonjwa asisahaulike. Sheria ya Afya ya 2017 humpa haki ya kuelezwa na kukubali kabla ya kuhudumiwa. Ni uungwana, na ni haki, aambiwe kwamba anayemhudumia angali anajifunza na kwamba yupo aliyefuzu anayemsimamia. Wagonjwa wengi hukubali wanapoelezwa hivyo kwa heshima. Lakini ahadi hiyo ya pili lazima iwe kweli.

Bila shaka, wapo watakaosema kwamba haya yote yanahitaji wauguzi wengi kuliko tulio nao, na kwamba kuwalea wanafunzi kwa ukaribu huo ni anasa ya mataifa tajiri. Hoja hiyo ina uzito, lakini yapaswa kupimwa dhidi ya gharama ya upande wa pili. Muda unaookolewa kwa kutomtazama mwanafunzi hulipwa baadaye, kwa vitanda vinavyokaliwa muda mrefu na wagonjwa waliopata maambukizi, na kwa wauguzi wapya wanaohitaji kufunzwa upya katika mwaka wao wa kwanza wa kazi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Vilevile, kumtazama mwanafunzi hakumnyang'anyi uhuru wa kujielekeza. Anayetazamwa leo na kukosolewa hujifunza jinsi jicho la bingwa linavyotazama, na kidogo kidogo hulifanya jicho hilo kuwa lake. Hapo ndipo, baada ya kutazamwa mara nyingi, anapoanza kuweza kujipima mwenyewe kwa haki. Uwezo huo hauji mwanzoni mwa mafunzo. Ni tunda lake.

Kwa mzazi anayelipa karo, kwa mwalimu na kwa msimamizi wa hospitali, lipo swali moja jepesi la kumuuliza mwanafunzi anapotoka wodini jioni. Kuliko kumuuliza amesoma nini au amefanya mangapi, aulizwe ni nani aliyemtazama akifanya, na alimwambia nini. Siku ambayo wanafunzi wengi watakuwa na jibu, neno "kajisomee" litakuwa limerudishiwa heshima yake.